Vitabu vya ratiba za treni Ulaya: bado vinachapwa?

Umeuliza kama bado kuna shirika la reli Ulaya linalochapa kitabu cha ratiba za nchi nzima. Yale makubwa karibu yote yameacha. Uingereza kile rasmi kilikoma 2007, Ujerumani 2008, na Uswisi, ambako watu walikipenda kweli, shirika la reli la taifa, SBB, lilitoa cha mwisho kwa ratiba za 2017. Baada ya hapo watetezi wa usafiri wa umma wakaamua kukichapa wenyewe. Sababu ya kuacha ni ileile kila mahali: wanunuzi wachache, na ratiba inabadilika kabla wino haujakauka.

Kwa safari ya nchi nyingi, tafuta kitabu cha ratiba za treni za Ulaya kiitwacho European Rail Timetable. Kilianzishwa na kampuni ya utalii ya Thomas Cook mwaka 1873, kampuni ikakiacha 2013, halafu wahariri wake wa zamani wakakifufua 2014. Hakina kila kituo kidogo, lakini ukurasa mmoja unakuonyesha treni kuu za siku kwenye njia nzima, pamoja na mahali pa kubadilisha. Programu ya ratiba kwenye simu hukupa safari tatu nne tu, tena zile ilizochagua yenyewe.