4,294,967,297 si namba tasa

Je, 4,294,967,297 ni namba tasa? Hapana, si tasa. Ni sawa na 641 × 6,700,417, na vigawo hivyo viwili vyenyewe ni tasa, kwa hiyo haivunjiki zaidi ya hapo.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba namba zote za familia hii (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kila mara ukiongeza 1) ni tasa, na ni mwanahisabati Euler aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba hii inagawanyika kwa 641. Kinachonivutia ni kwamba unaweza kuhakiki kwa kalamu na karatasi tu. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi unaruka moja kwa moja hadi 193, kisha 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe. Kazi ya dakika chache!

Ila usiichanganye na mdogo wake, 65,537 (2 kwa kipeo cha 16, ongeza 1). Hiyo ni tasa kweli, sawa na 3, 5, 17 na 257 zinazoitangulia.