Dawa ya kifafa ikizidi: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Mwanangu wa miaka 9 alikunywa Gardenal, dawa yake ya kifafa, ya jioni. Bibi yake, bila kujua, akamnywesha tena. Sasa analala fofofo. Nimpe mafuta ya mawese? (Mama, Kadutu)

Mama, mawese yaweke kando, na maziwa pia. Wala usimtapishe. Mwenye usingizi mzito hamezi vizuri, vitamwingia mapafuni. Mwite jina, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Akiamka na kukujibu, bado mpeleke kituo cha afya aangaliwe. Asipoamka, au pumzi imekuwa ya polepole, mlaze ubavu na utafute gari sasa hivi, usisubiri kuche. Beba pakiti, muuguzi ahesabu vidonge vilivyobaki.

Mume wangu anakunywa fenitoini ya kifafa. Tangu aanze dawa za kifua kikuu anapepesuka, ulimi mzito. Majirani wanasema amelishwa karuho, yaani sumu. (Bagira)

Kabla ya kumtuhumu mtu, dada, mkalishe mwangani, afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho yakitikisika-tikisika yanapofika pembeni, huenda fenitoini imejaa damuni. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulizuia ini kuivunja. Na ini likishaelemewa, nyongeza ndogo tu huipandisha fenitoini sana. Ndiyo maana mtu huzidiwa na dozi ileile aliyoizoea. Inaniuma familia zinapovunjika kwa jambo ambalo daktari angelirekebisha kwa kupunguza dozi. Nendeni leo. Ila msikate dawa wenyewe: ya kifafa ikiachwa ghafla, degedege laweza kuja mfululizo.

Kuna sindano ya kuiondoa dawa ya kifafa iliyozidi mwilini? (Panzi)

Hakuna. Hospitali hulinda pumzi, hutoa oksijeni na serumu (maji ya mshipani). Mkaa wa dawa, ambao si ule wa jikoni, hufaa zaidi ndani ya saa 1 ya kwanza. Gardenal hukaa sana: kwa mtu mzima, nusu yake tu huchukua siku 3 hadi 4 kutoka.

Mdogo wangu amemeza Tegretol, dawa ya kifafa, nyingi kwa hasira. Saa 2 zimepita, anasema yuko sawa. (Nyawera)

Msitulie. Dawa hii huingia damuni polepole. Anaweza kuongea vizuri mchana, usiku akapoteza fahamu na moyo ukaenda ovyo. Nendeni hospitali sasa, asiachwe peke yake hata chooni. Maswali ya kwa nini yangoje. Leo mshike mkono tu.