Kumbukumbu ya draiva ya Wi-Fi: nani bado anaishika?

Nyinyi mnaoanza kurekebisha draiva za Wi-Fi za Linux, muwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, anzieni na adapta ya USB. Hitilafu ya draiva kugusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa hujitokeza upesi ukiichomoa adapta ikiwa kazini.

Jengeni keneli (kiini cha Linux) ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING, inayokagua matumizi ya kufuli, CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, inayonasa msimbo unaolala pasiporuhusiwa, na CONFIG_KASAN, inayonasa matumizi mabaya ya kumbukumbu. KASAN ya kawaida hutwaa sehemu 1 kati ya 8 ya kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo laptopu ya GB 4 inaweza kuelemewa. Stima ikipotea katikati ya ujenzi, futeni kwanza faili za .o zilizobaki na ukubwa wa 0, kisha mwendeshe make tena.

Halafu unganisha adapta, acha ping iendelee, chomoa, soma dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli). Ripoti ya KASAN kuhusu kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa huonyesha nani ameigusa, nani aliiomba, na nani aliiachilia. Wengi huishia kwa wa kwanza, wakaongeza ukaguzi wa NULL, yaani kuangalia kama kielekezi ni kitupu. Huko si kurekebisha hata kidogo. Unapunguza tu uwezekano wa hitilafu kuonekana. Linganisha aliyegusa na aliyeachilia: mara nyingi utakuta disconnect (kitendaji cha draiva kinachoitwa adapta ikichomolewa) imemaliza huku kazi ya workqueue (foleni ya kazi za keneli zinazofanywa baadaye) ingali inaendelea.

Kwa draiva inayotumia mac80211, sehemu ya keneli inayosimamia Wi-Fi, mpangilio salama wa kufunga ndani ya disconnect huwa huu: ieee80211_unregister_hw, usb_kill_urb, cancel_work_sync, na mwisho kabisa ieee80211_free_hw. URB (ombi la kupitisha data kwenye USB) husimamishwa kabla ya kazi kwa sababu ikikamilika inaweza kuipanga kazi upya. Kama kazi yenyewe ndiyo hutuma URB, tumia usb_poison_urb, ambayo hukataa isitumwe tena. Baada ya ieee80211_free_hw usiguse hw->priv, sehemu ya data ya draiva yenyewe. Imeondoka pamoja na hw.

Usiite cancel_work_sync ukiwa umeshika mutex (kufuli ambayo anayeingoja anaweza kulala) ambayo kazi hiyo inaihitaji. Wewe unaingoja kazi imalize, nayo inakungoja uachilie kufuli, na hakuna atakayesogea.

Ndani ya spinlock (kufuli ambayo aliyeishika haruhusiwi kulala), kmalloc, yaani kuomba kumbukumbu, yenye GFP_KERNEL ni kosa kwa kuwa inaweza kulala, yaani kusimama ikingoja. GFP_ATOMIC hailali, ila hushindwa kwa urahisi zaidi kumbukumbu ikiwa finyu. Ukiweza, omba kumbukumbu kabla ya kufunga kufuli.

Kwenye kiraka (patch) unachotuma andika mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho (hash) cha komiti iliyoleta hitilafu na kichwa chake, na katika maelezo ueleze uzi (thread) upi uligongana na upi.