Gasketi ya hedi ya lori: pima injini kwanza, Kisekka baadaye

Makosa mengi ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloki ya injini na hedi (kifuniko chake cha juu), hufanyika dukani, fundi akiwa bado hajashika spana ya kufungia. Lori limechemka kwenye mlima wa kuelekea Kabale, tajiri anapiga simu kila saa kuulizia saruji yake, hedi inafunguliwa asubuhi, kijana anatumwa soko la vipuri la Kisekka, Kampala, na picha ya gasketi ya zamani kwenye simu, jioni injini imefungwa. Kazi ya namna hiyo hurudi gereji. Gasketi inapaswa kununuliwa mwisho, vipimo vyote vikiwa vimeandikwa, kwa sababu injini yenyewe ndiyo inayosema inataka unene gani na gasketi ya aina gani.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kweli ni gasketi. Viputo kwenye rejeta humfanya kila mtu aseme hedi imekufa, lakini lori lina kompresa ya breki inayopozwa na maji yaleyale ya injini, na kompresa nayo ina hedi yake na gasketi yake. Ikipasuka husukuma hewa kwenye maji vilevile. Washa injini ikiwa baridi, kofia ya rejeta ikiwa imefunguliwa, uangalie viputo wakati matangi ya hewa yanajaa. Matangi yakishajaa na gavana (vali inayosimamisha kujaza hewa) ikakata, kwa kawaida karibu na bar 8, tazama tena. Viputo vikikoma hapo, shughulikia kompresa na uiache hedi mahali pake. Oili ikielea kwenye rejeta bila viputo vyovyote, mshukiwa wa kwanza ni kipozeo cha oili. Dalili zinazoelekeza kwenye gasketi yenyewe ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha injini baridi, maji kupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usioisha, au silinda mbili zinazopakana kuwa na kompresheni (mgandamizo wa hewa) ndogo zote mbili. Hiyo ya mwisho karibu kila mara ni gasketi iliyoungua katikati ya silinda hizo.

Sasa namba ya injini. Isome kwenye bloki, palipogongwa kwenye chuma. Usiisome kwenye logibuku wala kwenye mlango wa kabini, maana malori mengi barabarani kwetu yameshabadilishwa injini mara moja au mbili. Hapa ndipo Mitsubishi Canter na Isuzu Elf zinapowachanganya watu. Injini za Mitsubishi 4D32 na 4D34 zina silinda ya kipenyo cha milimita 104, 4D33 ina 108. Isuzu 4HF1 ni 112, 4HG1 ni 115, na kwa nje injini hizo ni kama mapacha. Ukiweka gasketi ya 4HF1 juu ya 4HG1, pete ya chuma inayozunguka tundu inaning'inia ndani ya silinda, inapigwa na moto hadi inakatika. Ukifanya kinyume chake, pete inakaa mbali na ukingo wa silinda, moto unapata upenyo wa kuingia chini yake, na shinikizo la boliti halitui pale palipokusudiwa. Kwa hiyo, hata namba ukiwa umeisoma, pima tundu la silinda kwa vernia (kipimo cha taya). Ni kazi ya dakika moja.

Gasketi ya zamani usiitupe, lakini usiiamini peke yake. Aliyefunga kabla yako huenda naye aliletewa isiyo sahihi.

Ukishatoa hedi, ipeleke kwa watu wa leathi wenye uwezo wa kuijaribu kwa shinikizo: maji ya moto au hewa kwenye njia za maji, kila mlango ukiwa umezibwa. Nyufa kati ya vali mbili mara nyingi hazionekani kwa macho, na hedi yenye ufa itaua gasketi ya bei yoyote ile. Wewe mwenyewe weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa kona hadi kona, kisha pitisha fila geji (vibati vya kupimia nafasi) chini yake. Kwa Isuzu nyingi za lori, kiwango kizuri ni kutozidi milimita 0.05, na kufikia 0.2 hedi haifungwi tena kama ilivyo. Uso wa bloki upime vivyo hivyo. Watu huusahau kwa sababu haubebeki kupelekwa mjini.

Injini ikiwa na laina (mikebe ya silinda inayochomekwa kwenye bloki), angalia laina zinatokeza kiasi gani juu ya bloki. Zinapaswa kutokeza kidogo sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na silinda zinazopakana zisitofautiane zaidi ya sehemu chache za mia za milimita. Kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha injini. Kutokeza huko ndiko kunakobana pete ya gasketi. Laina iliyozama, kwa sababu kikalio chake kwenye bloki kimelika, haibani kitu, na gasketi itaungua palepale kila baada ya miezi michache. Lori ambalo limebadilishwa gasketi mara tatu kwa mwaka na silinda inayoungua ni ileile, tatizo lake tunalitafuta hapa kwanza.

Tukija kwenye unene, hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Injini nyingi za dizeli hutengenezewa gasketi za unene wa aina mbili, tatu au zaidi, zikipishana kwa sehemu ndogo sana, 0.05 au 0.1 ya milimita. Huonyeshwa kwa mikato midogo au matundu kwenye ukingo wa gasketi, au kwa herufi. Kwenye baadhi ya injini ukingo huo huchomoza nje, unaweza kuhesabu alama kabla hujafungua hedi. Kinachoamua ni urefu ambao pistoni inatokeza juu ya bloki ikifika juu kabisa.

Safisha kaboni juu ya pistoni na uso wa bloki. Simamisha daili geji, ile yenye mshale kama wa saa na kikalio cha sumaku, juu ya bloki na uiweke sifuri. Sogeza ncha yake juu ya pistoni, zungusha kranki polepole hadi mshale ufike mwisho na kuanza kurudi. Pima sehemu mbili zilizo juu ya mstari wa pini ya pistoni, kwa sababu huko pistoni hailali upande hata ukiibonyeza. Ukipimia kwenye ukingo mwingine utadanganywa. Chukua wastani wa hizo mbili, andika, nenda silinda inayofuata. Kwa injini nyingi, silinda inayotokeza zaidi ndiyo inayochagua unene kwa zote. Zipo zinazotumia wastani wa silinda zote, na kitabu cha injini ndicho mwamuzi. Ukikuta silinda moja iko chini waziwazi kuliko wenzake, simama. Konrodi yake (mkono unaounga pistoni na kranki) huenda imepinda, maji yaliingia mule na fundi au dereva akalazimisha kuwasha. Hapo gasketi si tena shida yako kubwa.

Gasketi nyembamba mno hufanya pistoni iguse hedi injini inapopata joto na kuzunguka kwa kasi. Utasikia mgongano wa chuma ambao hauishi kwa kurekebisha nozeli. Nene mno hushusha kompresheni. Lori litawaka vizuri Kampala mchana, kisha asubuhi ya baridi Kabale au Kapchorwa litazungusha mota hadi betri ichoke, likitoa moshi mweupe wa dizeli isiyoungua.

Kuna imani kwamba hedi ikiskimiwa (uso wake ukichongwa unyooke) lazima ununue gasketi nene. Kwa dizeli za lori zenye hedi bapa, kuskimu hedi hakubadilishi hata kidogo kile pistoni inachotokeza juu ya bloki. Kinachobadilika ni vali, ambazo sasa zimesogea karibu na pistoni. Dawa yake ni kukata siti za vali hadi vali zirudi kwenye kina kinachotakiwa, na kuangalia ncha ya nozeli haitokezi kupita kiasi. Ikiwa ni bloki ndiyo iliyochongwa, hapo kweli pistoni inatokeza zaidi na gasketi nene inahitajika. Cummins 5.9 kwa mfano ina gasketi zilizoongezwa unene wa milimita 0.25 na 0.50 kwa kazi hiyo. Kubandika gasketi mbili pamoja si suluhisho la lolote kati ya haya, wala kupaka silikoni uso mzima. Silikoni inakwenda mahali kitabu kinapotaja, kwa kawaida tone dogo pale bloki inapokutana na kava ya taimingi.

Kuhusu aina: ziko za grafiti au nyuzinyuzi zilizobandikwa juu ya bati, na ziko za chuma cha tabaka kadhaa zenye mipako myembamba ya mpira. Za chuma hudumu na hustahimili shinikizo la injini yenye tabo (turbo) vizuri, lakini zinataka uso laini sana. Mistari ambayo ukucha unaikwaruza haifai. Mwambie mtu wa leathi mapema ni gasketi ipi utakayofunga. Kama gereji yenu haina mahali pa kuupata ulaini huo na injini ilitoka kiwandani na gasketi ya grafiti, baki na grafiti nzuri. Ya chuma juu ya uso wenye mikwaruzo itavuja maji wiki ya kwanza.

Sasa ndipo uende Kisekka au Ndeeba, na karatasi ya vipimo mfukoni. Ukinunua topu seti (gasketi zote za sehemu ya juu ya injini kwa pamoja), uliza gasketi iliyomo ina alama gani, maana seti nyingi huja na unene mmoja tu. Ikibidi nunua gasketi ya hedi peke yake. Majina kama Elring, Victor Reinz na Stone yana heshima, na kwa sababu hiyohiyo maboksi yao huigwa. Acha boksi, tazama gasketi. Pima unene kwa vernia sehemu nne au tano, pete za silinda ziwe zimekunjwa sawasawa bila mawimbi, raba za maji na oili ziwe laini zikibonyezwa. Iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari, au iliyowahi kukunjwa hata kidogo, iache hata ikipunguzwa bei: grafiti hupasuka ndani na hutaona ufa.

Usafiri nao ni sehemu ya kazi. Gasketi ya silinda sita ikiviringishwa nyuma ya boda boda, au kutupwa kwenye buti la basi la Arua, imekufa kabla ya kufika. Ibane kati ya vipande viwili vya plaiwudi, uifunge kwa kamba.

Ikifika, ilaze juu ya bloki kisha juu ya hedi, ulinganishe tundu kwa tundu. Utaona baadhi ya matundu ya maji ya gasketi ni madogo kuliko ya bloki. Yameachwa hivyo kwa makusudi, kugawa maji yafike hadi silinda ya mwisho. Fundi anayeyapanua kwa patasi anaipokonya silinda ya nyuma maji yake.

Wakati wa kufunga, kwangua uso kwa wembe wa chuma au plastiki. Vile visahani vya msasa vya grainda huacha vumbi linalokata beringi. Toa oili na maji yote kwenye matundu ya boliti, kwani kimiminika kisicho na pa kutokea kinaweza kupasua bloki. Boliti za kukazwa kwa nyuzi (digrii za mzunguko) zina urefu wa mwisho, zikivutika kuuzidi hazirudi. Kama huna kipimo hicho, weka meno ya boliti ya zamani dhidi ya meno ya mpya. Yasipolingana mwanzo hadi mwisho, imevutika. Paka oili kidogo kwenye meno na chini ya kichwa, kama kitabu kinavyosema, anza katikati ukitoka nje kwa mzunguko, kwa hatua zote zilizoandikwa. Injini zenye hedi moja moja, kama OM 501 ya Actros, zinataka hedi zipangwe kwa rula kwenye uso wa manifoldi kabla ya kukazwa, la sivyo manifoldi itazivuta na gasketi zitalia.

Na kilichochemsha injini kitafutwe kabla ya kuwasha. Thamostati iliyotolewa ili injini "ipoe" irudishwe: kwenye injini nyingi za lori ndiyo inayofunga njia ya mkato, bila hiyo maji mengi huzunguka bila kupita rejetani. Kofia ya rejeta nayo ibadilishwe. Maji ya wazi Kampala huchemka karibu nyuzi 96, juu Kabale karibu 93 au 94. Ni shinikizo la kofia na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ndivyo vinavyoizuia injini kuchemka ikipanda na mzigo.

Baada ya kuipasha moto mara ya kwanza na kuiacha ipoe kabisa, seti tapeti (nafasi za vali) tena. Kukaza hedi upya ni kwa gasketi ambazo mtengenezaji ameagiza hivyo, kwa kawaida za mtindo wa zamani. Boliti zilizokazwa kwa nyuzi ziache. Kwa safari mbili za kwanza dereva apime maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, aandike kiasi alichoongeza. Zaidi ya nusu lita kwa siku, lori lisipandishwe mlima hadi lipimwe tena.