Jibu: Nijiite mchoraji wakati bado nabangua korosho?
Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kujiita mchoraji wakati bado unabangua korosho hapo Newala, mi nasema jiite tu, tena kuanzia leo. George Lilanga wa huku huku kusini, mzaliwa wa 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa Dar kama mlinzi, baadae picha zake zikafika mpaka Ulaya na Marekani. Ila kujiamini bila kushika brashi hakuna kitu aisee, mi nilipoanza kujiita mchonga vinyago ndo nikaanza kuona aibu kulala bila kugusa mpingo, hata nusu saa kwa tochi ya simu. Hela ya korosho ikiingia toa ya rangi kwanza, na picha usizifiche chumbani, omba mwenye duka pale stendi akutundikie moja.