Kinga ya mjumbe katika sheria ya Kiislamu: inaanzia wapi, inaishia wapi

Assalamu alaykum wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kisumu. Ndugu mleta uzi ameuliza iwapo sheria ya Kiislamu ina kanuni zake yenyewe kuhusu kinga ya mabalozi, au Waislamu waliikuta kinga hiyo katika Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa kimataifa juu ya uhusiano wa kidiplomasia, kisha wakaitafutia ushahidi. Mchangiaji mmoja amemjibu kwamba katika Uislamu balozi hulindwa kwa hisani ya mtawala tu. Sikubaliani naye, na kwa kuwa nimesomesha dini katika shule za sekondari miaka mingi, na kuna wakati nililazimika kulitumia somo hili nje ya darasa, naomba nijibu kwa kirefu.

Wajumbe wa Musaylima, yule aliyedai utume, walifika Madina na barua yake. Mtume (S.A.W.) aliwauliza wao wenyewe wanasemaje, wakajibu kwamba wanasema kama alivyosema aliyewatuma, yaani kwamba naye ni mtume. Katika riwaya ya Abu Dawud, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa hadithi, aliwaambia kuwa lau si kwamba wajumbe hawauawi, angewakata shingo. Hapo hapana hisani. Walilolisema ni zito, adhabu yake imetajwa mbele yao, na kinachoizuia ni kanuni ambayo Mtume mwenyewe anaitaja kama jambo linalojulikana na pande zote mbili. Miaka ikapita, na mmoja wa wajumbe hao, Ibn al-Nawwaha, akapatikana katika mji wa Kufa, Iraq, akiwa bado anamfuata Musaylima. Abdullah bin Mas'ud, sahaba wa Mtume, akamkumbusha maneno yale, akamwambia kwamba leo yeye si mjumbe, na akaamuru auawe. Wanafunzi wangu kila mwaka huinua mikono wakifika hapa, kwani huwaingia akilini kwamba mtu huyu aliviziwa. Huwajibu kuwa kilicholindwa ni kazi ya ujumbe, na kazi ilipokwisha alirudi kuwa mtu wa kawaida mbele ya sheria. Mkataba wa Vienna nao, katika kifungu cha 39, huikomesha kinga pale mwanadiplomasia anapomaliza kazi na kuondoka, ingawa huibakiza kwa yale aliyoyatenda kikazi.

Hadithi ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya Abu Rafi'. Makuraishi, kabila la Makka lililokuwa likimpinga Mtume, walimtuma kwake, na alipomwona Uislamu ukamwingia moyoni, akaapa kuwa harudi tena kwao. Mtume akamkatalia: yeye havunji ahadi wala hazuii wajumbe, basi arudi kwanza, na kama lililo moyoni litabaki, aje tena. Abu Rafi' akarudi, kisha akaja akasilimu. Kwa hiyo hata mjumbe anayetaka mwenyewe kubaki hurudishwa, kwa sababu waliomtuma wana haki ya kupata jibu lao.

Hadithi hiyo ndiyo niliyoitumia katika soko moja lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho, wakati wa mgogoro wa ng'ombe walioibwa. Nilikuwa katika kamati ya amani pamoja na wachungaji wa makanisa na wazee wa pande zote. Upande wa pili ulimtuma mzee mmoja, akaja peke yake na karatasi ya madai iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akapewa kiti cha plastiki mbele ya duka la mbolea. Vijana wa upande wetu wakaanza kusema asiondoke mpaka ng'ombe warudishwe. Wengi wao hawakuwa Waislamu, nami sikuwasomea kitabu. Niliwasimulia tu kisa cha Abu Rafi', kisha nikawauliza ni nani kesho atakayekubali kupeleka jibu letu ng'ambo ile, kama huyu hatarudi. Mzee mmoja wetu akasema kwa Kijaluo maneno yenye maana iyo hiyo, na nadhani yeye ndiye waliyemsikiliza. Mgeni aliondoka kabla ya magharibi, akisindikizwa hadi barabara kuu.

Wanazuoni waliyapanga mambo haya mapema. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, aliyefariki mwaka 805, mwanafunzi wa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, aliandika vitabu maalumu juu ya uhusiano wa Waislamu na mataifa mengine, katika vita na katika suluhu. Abu Yusuf, mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa, katika kitabu alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, alisema mjumbe hatozwi ushuru kwa alivyo navyo, isipokuwa bidhaa za biashara. Afisa wa forodha wa leo asingeshangazwa na kanuni hiyo. Na amani, yaani ahadi ya usalama anayopewa mgeni, haikuachwa mikononi mwa mtawala peke yake: Makka ilipofunguliwa, Umm Hani aliwapa hifadhi watu ambao nduguye Ali alitaka kuwaua, na Mtume akaipitisha hifadhi yake. Mchangiaji wetu anapaswa kukijibu kisa hicho kabla ya kurudia habari ya hisani ya mtawala.

Wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani waliposhikwa mateka Tehran kuanzia Novemba 1979, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya Mei 1980, ilieleza kwamba mila za Kiislamu zilichangia kwa kiasi kikubwa kuukuza utaratibu wa kuwalinda wanadiplomasia. Iran ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Vienna tangu miaka ya 1960, kwa hiyo ilifungwa na ahadi yake pia, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha ahadi zitimizwe.

Tofauti ya kweli kati ya sheria ya Kiislamu na Mkataba wa Vienna iko kwenye muda. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wa kale walimzungumzia mjumbe anayekuja na kuondoka. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Kenya, amani ya kawaida kwa mgeni ilikadiriwa kuwa miezi minne, ilhali Mahanafi waliifikisha karibu mwaka. Ubalozi unaokaa miongo katika jengo lake haukuwa mbele ya macho yao. Wanazuoni wengi wa sasa huihesabu viza kuwa ni amani iliyotolewa na dola, na huuweka ubalozi wa kudumu chini ya mkataba kati ya dola mbili, ambao una masharti na muda wake wenyewe.