Usiimbishe darasa chati ya silabi kabla hujasoma hapa

Usianze Jumatatu kama ulivyoandika, mleta mada. Umesema umekabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto themanini na kitu, chati ya silabi imeshabandikwa ukutani, na mpango wako ni kuiimbisha kuanzia "ba be bi bo bu" hadi "za ze zi zo zu" mpaka muhula uishe, ndipo uwaingize kwenye maneno. Ukauliza pia kama watoto waanze na majina ya herufi au sauti zake, kuandika kuanze lini, na wale ambao hawakupitia darasa la awali uwasaidieje. Waliotangulia kuchangia wamekupongeza kwa mpango huo. Mimi sikupongezi, kwa sababu nilifundisha hivyo hivyo mwaka mzima, na darasa langu likatoka na uwezo mkubwa sana wa kuimba.

La majina au sauti ni jepesi: anza na sauti. Herufi ukiiita "be", mtoto mwenye akili timamu ataunganisha "be" na "a" apate "bea", na neno "baba" atalisoma "beabea", wala hutakuwa na haki ya kumkaripia, kwa kuwa amefuata ulichomfundisha. Majina ya herufi atayajua baadaye bila taabu yoyote. Tatizo ni chati.

Kiswahili kimetupendelea sisi walimu. Irabu ni tano tu, na kila moja hutamkwa vile vile popote inapokaa. Mtoto aliyezishika pamoja na b, k, m na t ana silabi ishirini, zinazotosha kusoma baba, mama, bibi, kaka, kuku, kiti, mate, kobe na mengine mengi. Mwalimu wa Kiingereza angeuza pikipiki yake apate utaratibu wa namna hiyo. Lakini utaratibu huo huo ndio unaotuponza, kwa sababu kila mstari wa chati unapita a, e, i, o, u, na mtoto akishasikia mwanzo wa mstari hana haja tena ya kutazama ukutani, ulimi unamalizia wenyewe. Mwanzo wa mstari nao anaupata kwako, wewe unayepaza sauti "Haya, ka!" na kuinua fimbo. Anajifunza kusikiliza mdomo wa mwalimu, na herufi zinabaki kuwa mapambo.

Dalili zilikuwapo na sikuzitambua. Fimbo yangu ilikuwa bado ipo kwenye "ki" wakati darasa zima limeshafika "ku" na linanisubiri kwa heshima. Nikajisifu kwamba nina watoto wenye kasi, kumbe nilikuwa na kwaya, na mimi ni kiongozi wa kwaya asiye na kinanda. Mama mmoja alinisimamisha njiani kunishukuru, akasema mwanawe siku hizi anasoma hata akiwa anaosha vyombo. Nilipokea shukrani zile kwa moyo mkunjufu, nisijiulize mtoto huyo anasoma nini hasa, ilhali kwenye masufuria hakuna maandishi.

Walipofika darasa la pili na upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ukikaribia, mwalimu wa taaluma aliamua kuwajaribu mmoja mmoja. Alichukua silabi zile zile za chati, ila akaziandika kwenye karatasi akiwa amezichanganya, akamwita kwanza mtoto niliyempendekeza mwenyewe, yule aliyekuwa akishika fimbo na kuwaongoza wenzake kila nilipotoka nje. Akamwonyesha "du". Mtoto akanyamaza, akashusha mkono chini ya dawati, akaanza kunong'ona "da, de, di, do, du" huku akikunja kidole kimoja kimoja, kisha akainua uso na kusema kwa sauti, "Du!" Jibu lilikuwa sahihi. Mwalimu wa taaluma akatabasamu. Mimi niliyekuwa nimesimama upande wa vidole nilianza kutokwa na jasho.

Akapewa "dudu". Akahesabu silabi ya kwanza, akaipata, kisha akaianza ya pili upya kabisa, kana kwamba hajawahi kuiona maishani mwake. Neno "kidole" lilimshinda, ijapokuwa vidole ndivyo alivyokuwa akisomea, kwa sababu hesabu ya "le" ilipokamilika "ki" ilikuwa imeshasahaulika. Na huyo ndiye aliyekuwa hodari. Waliomfuata waliitazama karatasi, kisha wakanitazama mimi mdomoni, wakingoja nianzishe.

Mnaweza kucheka, mimi nilishacheka zamani ili isiniume. Kilichoniuma ni kwamba mtoto aliyekariri chati ni mgumu kufundisha kuliko yule ambaye hajawahi kuiona, maana asiyeiona anajua kwamba hajui, lakini aliyeikariri ana uhakika kwamba anasoma, wazazi wake wana uhakika, na wewe ulimpigia makofi. Ukimwambia aitazame "mi" peke yake anaona unamdhulumu. Mwaka wa darasa la pili, ambao ulikuwa wa kusoma hadithi na kuzielewa, tuliutumia kubandua wimbo vichwani mwao.

Hasira zangu nazipeleka kwa mwezeshaji wa semina moja, ambaye simtaji, aliyesimama mbele ya ukumbi mzima na kututangazia kwamba darasa linaloimba ni darasa linalojifunza. Alituimbisha sisi watu wazima, wenye vyeti na mikopo ya benki, chati yote kwa makofi. Mwalimu mmoja mzee aliyekaa nyuma aliuliza, kwa adabu, wimbo huo unampimaje mtoto mmoja mmoja, akajibiwa kwamba walimu wa zamani wanaogopa mabadiliko. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, na mzee wa watu akakaa chini, yeye aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza tangu mwezeshaji huyo hajajua kujifuta makamasi. Bwana yule alisaini posho akaondoka kabla ya kipindi cha maswali. Sijui kama aliwahi kukaa na mtoto wa miaka saba, akampa neno moja na kumngojea.

Kanuni niliyobaki nayo ni moja, na nakuomba uishike hata ukiyaacha mengine yote: silabi haihesabiki kuwa imejulikana mpaka mtoto mmoja, peke yake, aisome nje ya mpangilio, wewe ukiwa umefunga mdomo. Wakiitamka wote kwa pamoja, hujapata ushahidi wowote, kwa kuwa sauti kumi zinazojua hufunika sabini zinazofuatia nyuma.

Chati yenyewe usiichane. Kata kipande cha boksi, ukitoboe kidirisha kwa wembe, kiwe cha kutosha silabi moja tu, kisha ukiweke juu ya chati na kukihamisha unavyotaka wewe: kutoka "mo" kwenda "ta", kutoka "ta" kwenda "bi". Utashangaa wimbo unavyokatika pale pale, na macho yanavyoanza kufanya kazi. Maboksi yanayobaki yakate kadi, uandike silabi kwa maka peni, moja kila kadi, maana ndizo utakazounganisha maneno mezani. Vizibo vya soda pia vinafaa kwa herufi moja moja. Usingoje muhula uishe ndipo uwape maneno. Siku waliyojua "ma" na "ka", siku hiyo hiyo wasome "kaka" na "mama", na zikiongezeka wasome hata maneno yasiyo na maana, kama "kamo" au "tibe", kwa sababu neno ambalo halipo duniani haliwezi kukaririwa wala kubahatishwa kwa kutazama picha. Usipofanya hivyo utakuwa na mtoto anayeona picha ya jogoo, chini yake pameandikwa "kuku", naye anakusomea "jogoo" bila wasiwasi.

Najua utasema watoto themanini hawasikilizwi mmoja mmoja. Wanasikilizwa. Kila siku chukua safu moja ya madawati, pita na kadi zako zilizochanganywa, kila mtoto kadi mbili au tatu, huku wengine wakiandika silabi hizo hizo kwenye madaftari. Aliyekwama andika jina lake na silabi iliyomkwamisha, usimsaidie kwa kuanzisha mstari, na kidole kikianza kukunjwa mwombe aweke mikono juu ya dawati. Kama safu zako ni tano, wiki inapoisha umemsikia kila mmoja, na unajua nani anachanganya b na d, jambo ambalo kwaya isingekuambia kamwe.

Ukitaka kupiga makofi, yaweke mahali yanapofaa, nayo ni kusikiliza silabi kabla ya kuziandika. "Mbuzi" hupigiwa makofi mawili, mbu-zi, lakini "mbuyu" hupigiwa matatu, m-bu-yu, ingawa maneno yote mawili yanaanza na herufi zile zile. Hilo mtoto hulipata sikioni, wala chati yako haina mahali pa kulionyesha.

Jiandae na lingine: darasa lako litakuwa kimya kuliko la jirani, na mwalimu mkuu akipita nje atadhani umekaa tu. Usibishane naye mlangoni. Mkaribishe ndani, mpe kadi azichanganye kwa mikono yake mwenyewe, kisha umwache amchague mtoto anayemtaka.